Simu Ilivyomchongea Chapu

Chapu alikuwa ameacha bangi kimyakimya, na huo ukimya ndio uliomponza. Dada yake alimwekea programu kwenye simu, kitu kinachojua saa zako mbaya kuliko unavyojijua mwenyewe. Hamu ikikaribia, inakuuliza hali. Ukijibu, inakupa mbinu. Siri ya wawili tu.

Mjomba, mwenye saluni, asinuse hata kidogo, maana ndiyo kwanza leo amemkabidhi wembe. Siku zote ilikuwa ufagio na mashine. "Nikisikia umegusa jani," alishamwambia, "utarudi kwenye ufagio mpaka uote mvi."

Basi mteja wa kwanza wa wembe akaja, dereva wa lori, shingo kama gogo. Chapu akampaka povu, akanyoa shavu moja, safi! Mkono umetulia, moyoni anajipongeza. Alichosahau ni kwamba simu yake ndiyo inayopiga muziki kwenye spika kubwa ya saluni.

Muziki ukakatika. Sauti ya kike, pole kama ya nesi, ikajaa mpaka barazani: "Habari shujaa! Saa hizi ndipo huwa unavuta bangi. Hamu ikoje, sifuri mpaka kumi?"

Weee! Mteja aliyekuwa kwenye benchi alijifunika gazeti, mabega yanacheza kwa kicheko.

"Shujaa ni nani hapa?" mjomba akauliza, taratibu.

Dereva alisharuka kitini, povu upande mmoja. "Jamani, mimi nina watoto! Koo langu simwachii mtu anayehojiwa na simu!"

"Mjomba, nimeacha. Haki ya Mungu."

"Sijakuuliza hilo. Jibu simu. Ikoje?"

Chapu akaishika simu. Sifuri ilikuwa kwenye ncha ya ulimi, tamu kweli.

"Saba," akasema, akaibonyeza kwenye simu.

"Saba!" dereva akamaka. "Mmemsikia?"

Spika nayo haina haya: "Hongera kwa kusema kweli. Kunywa maji, vuta pumzi ndefu."

Chapu akanywa. Mjomba akamkagua mikono, akapangusa kiti, akaketi mwenyewe, kidevu juu. Mjomba huyohuyo ambaye ndevu zake hajamwachia mtu tangu zianze kuota!

"Nyoa. Ukinikata utajieleza kwa mama yako. Hana kaka mwingine."

Wembe ukatua. Dereva akasogea, akachungulia, akamnong'oneza wa gazeti:

"Mzee akitoka mzima, mimi ndiye nafuata. Usinirukie foleni."