Pampu ya Tatu ya Mkunga Irmgard

Ilikuwa Ijumaa, tarehe nane Novemba, saa nane na robo mchana. Manyunyu yalikuwa yakianguka Olmerath, kijiji cha mpakani Ujerumani, tangu alfajiri, na ukungu ulikuwa umeziba bonde lote la mto Sauer. Irmgard Thielen, mkunga wa vijiji saba, alisimama katikati ya gereji ya Gerlinde Kootz, koti mwilini na simu mkononi. Kiti alikuwa amekikataa mara mbili.

Saa kumi na moja alitakiwa kutoa jibu. Svenja, mke wa mfugaji wa shamba la kilimani, alibakiza wiki tatu na alitaka kujifungulia nyumbani. Kuanzia jioni hiyo mkunga wake alipaswa kuwa tayari usiku na mchana. Irmgard akisema hawezi, hospitali ya mjini ingemwandikisha Svenja na habari ingeishia hapo. Ili aseme anaweza, alihitaji gari la kutegemewa. Gari lake, la mwaka 1992, lilikuwa limezimika asubuhi hiyo mbele ya duka la mikate.

Pampu ya mafuta, kwa mara ya tatu katika miezi kumi na mitatu. Ya kwanza ilikuja na gari na ilidumu miaka thelathini, hiyo hakuilaumu. Ya pili ilikufa mwezi Mei akiwa njiani kwenda kuzalisha. Alitembea dakika arobaini kwenye tope na mkoba wake, akamkuta mtoto ameshazaliwa, amefungwa kwenye sweta la baba yake. Mtoto alikuwa mzima. Irmgard ndiye aliyekosa usingizi mwezi mzima.

"Kaa chini, Bi Irmgard," alisema Gerlinde. "Unanizunguka kama nzi."

"Nikikaa utaniwekea pampu nyingine na kunifukuza."

"Na wewe siku nilipojifungua ulinitembeza ukumbini mpaka nikakutukana. Leo ni zamu yangu kutoa amri. Kaa!"

Irmgard alikaa. Baada ya nusu dakika alikuwa amesimama tena.

Pampu mpya ilikuwa mezani ndani ya boksi lake. Gerlinde hakuigusa. Alikuwa ameng'oa kiti cha nyuma, akafungua kifuniko kilichokuwa chini yake na kuichomoa pampu iliyokufa kutoka ndani ya tanki. Sasa alifanya kazi kwa mpangilio. Alipima umeme kwenye betri, kisha kwenye plagi ya pampu. Ulikuwa unafika wote. Aliukagua waya wa bodi, ule unaorudisha umeme kwenye betri, akaukuta umekaza na hauna kutu. Alilikata chujio katikati, lilikuwa safi. Alimulika tanki kwa tochi. Halikuwa na uchafu.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasorobo.

Gerlinde aliibana pampu ile mfu kwenye jiriwa na kuipasua kwa msumeno. Ndani ilikuwa nyeusi, na plastiki yake ilikuwa imeyeyuka upande mmoja. Alikwenda kwenye rafu, akaleta ile ya Mei ambayo hakuwa ameitupa, akaipasua pia. Zilifanana kama pacha.

"Zimeungua," alisema. "Joto ndilo limeziua."

"Kwa kawaida inapozwa na nini?"

"Na petroli yenyewe. Pampu inakaa ndani ya mafuta, yanaizunguka, yanaondoa joto."

"Na mafuta yasipokuwepo?"

Gerlinde aliinama tena na tochi. "Humu hamna hata lita tano."

"Leo ni Ijumaa," alisema Irmgard.

Walitazamana. Olmerath hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Ng'ambo ya mto ni Luxemburg, na petroli ya Luxemburg ni rahisi. Kila Jumamosi nusu ya kijiji ilivuka daraja huku mishale ya mafuta ikiwa kwenye nyekundu, na aliyefika na matone machache kuliko wote ndiye aliyesifiwa.

"Hata langu ni tupu," alisema Gerlinde polepole. "Lakini la kwangu lina kikombe ndani ya tanki, pampu haikauki. La kwako halina. Mara tatu nimelifungua gari hili, na mara tatu nimefurahi kukuta tanki tupu kwa sababu kazi inakuwa rahisi. Sikujiuliza kitu. Mlianza lini?"

"Zamani nilikuwa najaza hapahapa kituoni kwa Lenerz, kila nikipita. Egon alikuwa kazini Jumamosi." Irmgard aligeukia gari, ambalo sasa hujazwa na mumewe. "Alistaafu reli Machi mwaka jana."

Gerlinde alihesabu kwa vidole kutoka Machi hadi Oktoba, pampu ya kwanza ilipokufa, kisha akaacha. Irmgard alihisi uso ukiwaka moto. Kila mjamzito anayemhudumia, Irmgard humuuliza kwanza anakula nini na analala vipi. Yeye mwenyewe alikuwa ameendesha gari zaidi ya mwaka huku taa ya njano ya mafuta ikimkodolea macho, na hakuiuliza neno.

Saa kumi kasorobo Egon aliingia na mwavuli na mikate ya soseji.

"Eh, fundi! Mgonjwa kapona?"

"Mgonjwa tumemjua sasa hivi, Bwana Egon. Karibu."

Walimweleza. Alizishika pampu zilizopasuliwa, akazinusa, akazirudisha mezani.

"Mimi sijawahi kugusa kitu kwenye injini!"

"Hujagusa," alisema Irmgard. "Umeikausha tu."

"Kwa hiyo mnataka nijaze kwa Lenerz? Mchana kweupe? Mtu nimemcheka usoni mwaka mzima!"

"Utaendelea kumcheka ukiwa umejaza," alisema Gerlinde.

"Mke wangu, hii ni bei ya wizi."

"Egon. Mwezi Mei nilitembea kwenye tope dakika arobaini."

Egon aliutazama mwavuli wake. "Jumamosi ndiyo safari pekee niliyobaki nayo," alisema kwa sauti ndogo.

Irmgard hakuwa ametarajia hilo. Alitazama saa, kisha akamtazama mumewe.

"Safari yako nenda. Ila utaondoka na nusu tanki na kurudi na tanki zima. Mshale ukishuka chini ya nusu katikati ya wiki, tunajaza hapa. Hilo sitalijadili."

Egon alichukua madumu mawili na kutoka kwenda kwa Lenerz. Alipita barabara kuu kwenye manyunyu, na watu watatu walifungua madirisha kumtazama. Aliporudi, Gerlinde alikuwa amemaliza kufunga pampu mpya. Walimimina lita arobaini. Irmgard alishika usukani, Gerlinde akakaa nyuma na kutega sikio juu ya kifuniko, wakapanda mlima wa kanisa mara mbili.

"Pampu hailii," alisema Gerlinde waliposimama. "Siwezi kukuapia, Bi Irmgard. Naweza kukuambia kwamba safari hii sababu tunaijua."

"Hiyo inanitosha."

Saa kumi na dakika hamsini Irmgard alipiga simu akiwa ndani ya gari, injini ikiunguruma. "Svenja? Ni mimi. Kuanzia sasa niite saa yoyote."

Svenja alipiga simu hospitalini na kuwaambia hatahitaji nafasi. Gerlinde alinawa mikono, kisha akawapigia wateja wawili wenye magari ya umri ule na kuwauliza wana mafuta kiasi gani. Egon alirudi kwa Lenerz na kukaa naye saa nzima. Irmgard alipanda hadi shambani kusikiliza moyo wa mtoto, na aliandika kwenye daftari lake: mapigo mia moja arobaini, kichwa kimeshuka.