Lifti Leo Inafanya Kazi

Nyumba ya kupanga ni kama mchumba: siku ya kwanza kuonana imejipodoa, na kila kasoro imefichwa mahali. Mfamasia alilijua hilo, ndiyo maana alikuja na tochi. Mama yake naye alikataa kuachwa nyumbani.

Mama huyu mtaani kwao walimwita Bi Salamu. Kigoda chake kilikaa mlangoni asubuhi mpaka jioni, na hapiti mtu bila kuulizwa hali yake, hali ya mkewe na mafua ya mtoto yameishia wapi. Lakini goti lilikuwa limeanza kumsaliti. Mwezi uliopita alianguka bafuni, akalala sakafuni kutwa nzima, mpaka bintiye aliporudi jioni akamkuta anatetemeka na bado anauliza, "Za kazi, mwanangu?" Tangu siku hiyo Mfamasia hakupata usingizi wa maana. Kwao ni mbali, na jengo hili kuukuu lilikuwa mkabala na duka la dawa alikofanya kazi. Akihamia hapa, angevuka tu barabara na kumchungulia mama yake kila akipata mwanya. Aliitaka nyumba hii, jamani, aliitaka mpaka akaogopa kuikagua.

Msimamizi wa jengo, bwana mwenye funguo nyingi na maneno mengi kuliko funguo, aliwapandisha kwa lifti. Ikanguruma, ikatikisika kidogo, ikafika ghorofa ya tatu salama.

"Mnaona? Lifti inafanya kazi," akasema, utadhani kaiunda yeye.

Mfamasia akaanza kazi. Alifungua mabomba yote kwa mpigo, na maji yakaja kwa nguvu. Akavuta maji chooni. Akanusa kabati la chini ya sinki, akamulika pembe za dari akitafuta madoa ya kuvuja, akachomeka chaja ya simu kwenye kila soketi.

"Dada, unapanga au unanunua?" msimamizi akamtania.

"Kuuliza si ujinga, kaka yangu. Na huu ufa?"

"Huo mzee mwenzetu. Hauendi popote."

Kweli, ufa ulikuwa mwembamba, umejaa vumbi la miaka, umetulia zake. Kuta zilikuwa nene, madirisha mapana, upepo unaingia huku na kutokea kule. Siku hizi hawajengi hivi, hata uwape nini.

"Mama, unaonaje?"

"Nzuri mno. Ichukue."

Mfamasia akageuka kumtazama. Mama yake hakuwahi kununua hata nyanya bila kuigeuzageuza na kuitukana, leo nyumba nzima kaipitisha kwa neno moja!

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye ngazi akapita kijana amebeba mtungi wa gesi begani, jasho linamtiririka, na lifti ile pale imefunguka, tupu. Nyuma yake mama mwenye mifuko ya sokoni, anahema. Naye lifti hakuitupia hata jicho.

"Kaka, lifti si inafanya kazi?" Mfamasia akamwita yule wa mtungi.

"Leo, ndiyo," akajibu bila kusimama.

Msimamizi akakohoa. "Watu wa hapa wanapenda mazoezi."

Kabla hajajibiwa, mlango wa jirani ukafunguka, akatoka bibi mmoja mwembamba, gauni limepigwa pasi utadhani anakwenda harusini.

"Wapangaji wapya? Karibuni, karibuni! Wewe mwenzangu, njoo ukae, usisimamie goti hilo."

Hata kiti hakijapata joto, wazee wawili wale walikuwa mashoga, wanacheka na kupigana makofi ya mapaja. Mfamasia moyo ukamtulia. Nyumba imara, kazi ng'ambo ya barabara, na mama kapata wa kupiga naye soga. Atafute nini tena?

Ndipo yule bibi akauliza, taratibu, "Hebu niambieni. Pale chini, kwenye kona, fundi viatu bado yupo? Nilimwachia viatu vyangu."

Mfamasia alikuwa na miaka kadhaa kwenye barabara ile. Pale kwenye kona palikuwa na duka la simu tangu siku ya kwanza alipoanza kazi. Fundi viatu hakuwahi kumwona.

"Yupo, dada yangu," Bi Salamu akajibu upesi. "Kazi zimemzidi tu."

"Bibi," Mfamasia akauliza, "kwa nini usishuke leo? Lifti si imetengemaa?"

"Nishuke, kisha izime niko chini? Nani atanibeba kunirudisha?"

Mfamasia akamgeukia msimamizi. "Asante, kaka. Hatuichukui."

Walipoingia tu kwenye lifti wawili peke yao, Bi Salamu akalipuka. "Una wazimu? Maji yapo, kazi iko hapo ng'ambo! Unataka nyumba ya malaika?"

"Mama, hukumwona yule bibi?"

"Nimemwona! Na kabla yake niliona tulipoingia tu, ngazi zimelika katikati kwa kukanyagwa. Jengo lenye lifti ya kweli halina ngazi zilizolika hivyo. Sikuzaliwa jana."

"Sasa kwa nini ulisema niichukue?"

Lifti ikafika chini. Mlango ukafunguka, na mama hakutoka.

"Kwa sababu hulali, mwanangu. Nakusikia usiku unakuja kusikiliza kama napumua." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kabla ya kupanda lifti nilikwambia tusimame kidogo mlangoni, ukadhani ni goti. Nilikuwa naiaga barabara."

Mfamasia akaangua kilio palepale, msimamizi akishuka ngazi na watu wakipita, wala hakuona haya.

"Haya, nyamaza," mama yake akasema, akimshika mkono. "Tukatafute ya chini, hata kama jiko lake lina giza."