Jina la Mgongoni

…migongo, naona migongo tu, arobaini au zaidi, yote bluu, yote imeandikwa HAYASHIDA na tisa kubwa chini yake, nami na kigari changu cha mataulo nimebanwa hapa mbele ya lifti, miaka sita nasafisha vyumba hoteli hii ya Euless, huku ughaibuni, sijaona mtu akilia mapokezi, leo watu wazima wanalia, Wajapani wa maofisini, Wamexico, mzungu na kofia yake pana, eti wanamngoja mzee aliyeacha mpira zamani, na supervisor ataniuliza mataulo yako wapi, na Carmen, mdogo wangu, yuko sikioni kwa simu, Dada Véro, padri anafunga orodha ya misa ya marehemu leo, sema tu ndiyo… orodha gani, kila Novemba namwambia, kaka yetu hajafa, hajaonekana, ni vitu viwili, usinichoshe… jezi yake, kama hizi hizi, ilitoka kwenye marobota ya msaada, kambi ya wakimbizi Kigoma, akaivaa mpaka ikapauka, begani nikamshonea kwa uzi mwekundu, na kambi nzima ikamwita Hayashida, mwalimu, mama, hata mimi, na siku aliyokwenda kuni alinipa mgongo, nikalisoma lile jina, basi, ndiyo mwisho, siku tatu tulizunguka porini tukiita, Hayashida! Hayashida! na pori kimya, hata ndege… Dada, unanisikia? kelele za nini hizo? Ni hao, Carmen, wameanza, Hayashida! Hayashida! wanalivuta mwishoni vilevile kama tulivyolivuta sisi, na mimi mjinga nakagua mabega, huyu siye, huyu siye, natafuta uzi mwekundu, Mungu wangu, miaka kumi na miwili na bado natafuta uzi… mlango wa mbele umefunguka, kijizee kifupi, goti limechoka, anageuka, anainua mkono, ameitika. Wameita jina lile na mtu ameitika, taratibu tu, kana kwamba siku zote alikuwa hapo karibu, na nywele zimenisimama, kwa sababu hicho ndicho nilichokuwa nangoja, mtu aitike, kumbe jina lilikuwa na mwenyewe, yuko hai, anakula, anazeeka, na sisi siku tatu tulikuwa tunamwita mtu wa Japani atoke kwenye pori la Kigoma, na wa kwetu, jamani, wa kwetu hatukumwita, hata mara moja, kwa jina lake… Dada? Dada Véro? Naogopa, sijui naogopa nini, mchana kweupe, watu wote hawa. Andika, Carmen. Niandike jina gani? La ubatizo, nimesema, Fidèle, na sauti imenitoka kubwa kuliko nilivyotaka, migongo miwili mitatu imegeuka, nyuso nisizozijua zinanitazama, nami nikangoja kidogo, nilingoja kweli, mkono kwenye kigari… hakuna aliyeitika. Lifti imefika, imejaa, imeondoka bila mimi.