Waya za Mume Wangu Hazijaiva

Mume wangu ni mpima ardhi. Mtu huyu anaweza kusimama juani asubuhi nzima akibishania upana wa kidole kwenye mpaka wa kiwanja cha watu, asikubali mpaka kipimo kiseme. Ndiyo maana nilishangaa aliporudi nyumbani na waya mpya za spika, nene kama kamba ya kuanikia nguo, akaniambia kwa uso mkavu kwamba bado hazijaiva.

Muuzaji alikuwa amemweleza, naye akameza yote bila kutafuna. Eti waya mpya ni kama viatu vipya, lazima vizoee mguu kwanza. Muziki upite ndani yake wiki nzima, mchana kutwa, bila kuzimwa, ndipo sauti ilainike. Nikamuuliza waya inajuaje kwamba wiki imekwisha. Akaniambia nisilete mzaha.

Sasa mimi ni fundi cherehani, na nashonea sebuleni, hapo hapo zilipo spika, kwa sababu ndiko kwenye mwanga. Siku ya kwanza tarumbeta zilinipigia masikioni tangu chai ya asubuhi, nikashona mkono wa gauni la mteja ndani nje. Nani, mimi nivumilie hivyo wiki nzima? Kesho yake, alipofunga geti tu, nikazima. Jioni nikisikia pikipiki yake inakohoa pale kwenye kona, nawasha, narudi kwenye cherehani yangu, mtakatifu kabisa. Nakwambia bila haya.

Naye kila akiingia, hata viatu havui, anasimama katikati ya sebule kichwa kimeinama upande. Ananiuliza kama nasikia jinsi zilivyoanza kulainika. Naitikia kwamba nasikia. Mbavu sina, nimejificha nyuma ya kitambaa cha watu kama natafuta sindano. Waya zimelala usingizi mchana kutwa, halafu zinasifiwa kwa bidii ya kazi.

Kicheko kilinikauka siku nilipomkuta amekaa na kaseti ya marehemu mama yake mkononi, anaifuta vumbi kwa ncha ya shati.

Mama mkwe sikuwahi kumwona, alifariki kabla sijaolewa. Mume wangu alipokuwa kijana aliazima redio kaseti, akaitega kwenye dirisha la jikoni amrekodi mama yake akiimba huku anaosha vyombo. Ndiyo sauti pekee ya mama iliyobaki. Mwishoni wimbo unakatika, mama anasema maneno machache kwa mbali, hayashikiki, kisha rekodi inakwisha. Mume wangu anaamini kabisa kwamba pale mama alikuwa anamwombea dua. Spika alizibadilisha kwa ajili ya maneno hayo, mashine akaibadilisha kwa ajili ya hayo hayo, na sasa waya. Nilimwonea huruma. Kuanzia kesho yake sikuzima tena. Nilishona na tarumbeta zake siku nzima, kichwa kinanigonga.

Wiki ilipotimia akamwalika dada yake mkubwa, wifi yangu, aje asikie mama yao akisema kwa sauti safi. Wifi ni muuguzi, hana maneno mengi. Alikaa kwenye kochi na mkoba mapajani. Mume wangu akafunga madirisha, akatukataza hata kukohoa, akaweka kaseti.

Mama akaimba. Sahani zikagongana. Halafu yale maneno, kwa mbali vile vile, hayashikiki vile vile. Mume wangu alikuwa amefumba macho, mdomo ameukaza kama mtoto anayesubiri sindano. Jamani, nilitamani yule muuzaji awe amesema kweli. Nilitamani waya ziive saa hiyo hiyo.

"Bado kidogo," akasema. "Labda wiki nyingine."

Wifi akamuuliza anatafuta nini humo. Akamweleza kwamba ni yale maneno ya mwisho.

"Yale? Si ungeniuliza," wifi akasema. "Nilikuwa nimesimama pembeni yake nafuta sahani. Aliniambia mimi. Alisema, mwambie mdogo wako azime hiyo mashine aje ale."

Hakuna aliyecheka, hata mimi.

"Nikaja, nikakuambia," wifi akaendelea, taratibu. "Ukasema unakuja. Mama akakusubiri mezani mpaka chakula kikapoa. Akakifunika, akaenda kulala."

Mume wangu alikaa akitazama spika zake. Kaseti ilikuwa inazunguka tupu, inachakarisha tu. Baadaye akainuka, akazima mashine kwa mkono wake mwenyewe, akaniuliza kama kuna chakula.

Hakikuwepo. Ilikuwa alasiri, cha jioni hata sijakifikiria. Nikaenda jikoni nikabandika sufuria. Akanifuata, akavuta kiti, akakaa mezani hata maji hayajapata moto.