Majina Niliyoyafuta

Darasa letu la jioni hapa Voi lilikuwa na maktaba moja ya programu za kuchora kwenye kompyuta, na sote tuliitumia. Fankisheni zake, yaani amri fupi za kuchora, zilikuwa na majina ya ovyo: ch1, ch2, mm. Jumamosi moja nilifunga nikaomba, kisha nikazipa majina ya kueleweka: chora_mstari, chora_duara, paka_rangi. Majina ya zamani nikayafuta. Mwalimu Silvanus alikuwa ametuagiza kwamba anayebadilisha jina lolote awaarifu wenzake kwanza. Sikumwarifu mtu. Nilitaka wajionee wenyewe, waseme mzee wa miaka hamsini na tatu naye ameweza.

Jumanne wakaja wakulima watano kutoka Njukini. Mwenzetu Mwelu alikuwa amewachorea ramani ya mifereji yao kwa maktaba hiyo, inayoonyesha maji ni zamu ya nani. Wakiipenda, wangeitumia msimu huu. Mwelu akabonyeza. Skrini ikabaki nyeupe, na chini yake maandishi mekundu: ch2 haijulikani.

"Ijumaa ilifanya kazi!" Mwelu alisema.

"Ya Ijumaa ilikuwa ramani, hii ni shuka," mwanafunzi mwingine, Maundu, akamtania. Wakulima wakacheka. Mmoja akaangalia saa, akachukua kofia yake.

Mimi nilikuwa nimeshajua. ch2 ndiyo niliyoiita chora_duara, na ramani ya Mwelu bado iliiita kwa jina la zamani. Nikatazama viatu vyangu.

"Baba Shanice, hebu tuombee," mwalimu akaniambia, kwa kuwa mimi ndiye huliombea darasa.

Nikasimama. Nikaomba. Nikamsihi Bwana amtulize dada yetu Mwelu, na akemee kila mkono wa adui ulioigusa kazi yake. "Amina!" wakaitikia kwa nguvu, hata wakulima. Mwelu alikuwa na machozi. "Asante, Baba Shanice," akasema.

Asante hiyo ilinichoma. Nilikuwa nimejificha ndani ya maombi.

"Mkono wenyewe ni huu," nikasema. "Nilibadilisha majina Jumamosi. Sikuwaambia."

Maundu akanong'ona, "Kumbe adui tunaye, na ndiye anatuombea."

Mwelu alifuta macho. Hakunitukana; angenitukana ingekuwa afadhali. Akainuka kwenye kiti chake. "Keti hapa, Baba Shanice. Yarudishe yote. Na uwaeleze wageni unafanya nini."

Nikaketi. Wakulima wakasogea nyuma yangu.

"Hili ni la kwanza," nikawaambia, nikaandika ch1. Majina yalikuwa kumi na saba.