Damu ya Mwenyeji

Theopista alipoingia maabara kwa mara ya tatu kwa miguu yake mwenyewe, nilimfokea.

"Mayu, mama yangu, si nilikwambia uje homa ikiwa juu? Ikishashuka vijidudu vinajificha, hadubini haioni kitu."

"Shikamoo, daktari," alisema kwanza. Nikaitikia kwa aibu. "Kwetu Samuye mtu akibebwa kitandani barabarani, watu wanaanza kumlilia. Mimi nitakujaje na homa?"

Alikuwa na mimba ya miezi sita. Mbili za kabla ya hiyo zilitoka, kila moja na homa yake. Mimi nilihisi ni papasi, wale kupe wa kwenye nyufa za sakafu ya udongo. Lakini Serafina, mkuu wa zahanati yetu, hakutoa penisilini bila cheti cha maabara. Simlaumu. Mwaka ule wa themanini na tano tulikuwa na vichupa sita kwa kata nzima.

Nikakumbuka boksi walilotuachia watafiti wa Mwanza. Ndani mlikuwa na kisahani chenye vishimo. Unatia maji ya damu, unaongeza dawa yao, na kama mna protini ya kijidudu, hata kijidudu chenyewe kisipoonekana, kishimo kinageuka njano. Kishimo kimoja sharti kiwe na damu ya mtu mzima wa afya, ya kulinganishia. Hicho kikigeuka, kisahani chote ni cha kutupa.

Damu waliyoleta wao ilikuwa imeoza, barafu iliyeyuka njiani. Basi nikajitoa yangu. Nilizaliwa huku huku, papasi wameniuma tangu natambaa, na kwetu kila mtu anajua kwamba papasi wa nyumbani hamdhuru mwenyeji. Nilikuwa nimechoka tu. Nililala nimechoka na kuamka nimechoka tangu kiangazi kianze, nikadhani ni kazi.

Kishimo cha Theopista kikawa njano. Nikafurahi. Halafu na changu kikawa njano.

Nikawalaani watafiti na barafu yao. Nikakimwaga kisahani, nikaandika "kipimo kimeharibika", nikamwambia Theopista arudi nyumbani. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alisema asante, akaondoka polepole ameshika kiuno.

Alhamisi homa ikanikamata kazini, meza ikatikisika nami. Nilidhani malaria. Nikajitoboa kidole, nikapaka damu kwenye kioo, nikachungulia. Vijidudu vya papasi vilikuwemo, vimejisokota kama nyuzi za nguo iliyochanika. Nilihesabu saba nikaacha. Kisahani hakikuwa kimeharibika. Kilikuwa kimesema kweli mara mbili.

Nilimweleza Serafina. Hakudai cheti, alinipa vichupa viwili na kuniambia nianze na changu. Sikumsikiliza. Nikapanda baiskeli na homa yangu, nikatapika mara mbili njiani.

Uani kwa Theopista wanawake walikuwa wamekaa chini, khanga zimefungwa viunoni. Mkwewe, Mama Maduhu, akanisogelea.

"Tumemzika asubuhi," alisema. "Alikuwa wa kiume."

Theopista alikuwa ndani, amelala juu ya ngozi, macho wazi. Nilipiga magoti nikaanza kuchanganya dawa. Alikuwa akiitazama sindano.

"Sasa umeujua ugonjwa wangu?"

"Nimeujua. Ni papasi."

"Umeujua leo?"

Ningeweza kuitikia tu. Nani angejua? Lakini nilikuwa nimechoka mno hata kwa uongo.

"Jumatatu," nikasema. "Kipimo kilitutaja wote wawili, mayu. Nikakiona cha uongo kwa sababu kilinitaja na mimi."

Akageukia ukutani, akashusha khanga kidogo nyongani ili nipate pa kudunga. Nikakosea mara ya kwanza, nikarudia. Yeye hata hakushtuka.