Kengele Kila Upande
Nimefundisha fizikia hapa Isiolo miaka kumi na tisa, na leo naona haya hata kuitwa Mwalimu Lomuria.

Mwezi uliopita nilikuwa naandaa wanafunzi kwa mashindano ya sayansi ya kaunti. Mada yetu ilikuwa ule mwanga mkongwe kuliko yote, uliobaki tangu ulimwengu ukiwa mchanga na wa moto. Sasa umepoa sana, macho hayauoni, lakini mitambo huupokea. Nikawaambia ulitoka mahali pamoja, mbali, katikati ya ulimwengu.

Kabale akainua mkono. Kwao wanafuga ngamia, upande wa Gotu.

"Mwalimu, si umesema mwanga unakuja kutoka kila upande, sawasawa? Ngamia wakiwa mbali, kengele zao unazisikia upande mmoja. Ukizisikia kila upande, wewe uko ndani ya kundi. Basi ulianzia kila mahali. Hata hapa."

"Ala! Hapa Isiolo?" nikamwambia. "Hii ni fizikia, mama, si boma la babako!"

Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka kuwashinda, mimi ambaye baba yangu mwenyewe alikufa akichunga. Wakaanza kumwita Profesa Ngamia, na sikumkanya hata mmoja.

Lakini kichwa alikuwa nacho, kwa hivyo nilimchagua yeye azungumze. Akishinda angeenda mashindano ya kitaifa, na alikuwa hajawahi kutaka kitu kama alivyotaka hicho.

Leo, kwenye mashindano, tukingoja zamu yetu, nikafungua simu nitafute maneno matamu ya kumwongezea. Nikasoma. Mwanga ule haukutoka mahali pamoja. Uliujaza ulimwengu wote, na hapa tulipo pia palikuwamo. Mtoto alisema kweli!

Alikuwa hatua tatu tu kutoka kwangu. Ningemwambia, "Kabale, nilikosea, sema lako." Lakini wenzake walikuwa wanasikia. Nikamwambia afunge kifungo cha shati.

Nikajipa moyo: huyu ni mbishi, atasema lake tu.

Jaji, mama mmoja mhadhiri, akamuuliza, "Mwanga huu ulianzia wapi?"

"Mahali pamoja, mbali sana, katikati ya ulimwengu."

"Una hakika?"

Kabale akageuka, akanitazama, akatabasamu.

"Nina hakika, madam. Mimi nilikuwa nimekosea, mwalimu wangu akanirekebisha."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na bado sikusimama.